Sampuli ya Kitai

Namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, kuanzia mwaka, hivyo mtu aliyezaliwa tarehe 12 Julai 1978 namba yake inaanza na 19780712. Iingize kwenye Excel bila kuiambia kwamba hayo ni maandishi na itakuonyesha 1.97807E+19. Ndani yake zinabaki tarakimu 15 tu. Tano za mkiani zimegeuka sifuri. Kompyuta zenyewe hazina nafuu kubwa. Namba kamili kubwa kuliko zote katika biti 64, ukiruhusu chanya na hasi, ina tarakimu 19. Ukikataa hasi unafika 18,446,744,073,709,551,615. Namba ya NIDA ingeenea humo iwapo mwenyewe angekuwa amezaliwa mwaka 1844 au kabla.

Hesabu hiyo niliifanya Kitai, nyuma ya karatasi ya risiti, kwa sababu programu ilikuwa imeniambia kwamba kitambulisho cha mkulima ni desimali.

Anayesafiri kutoka Songea kwenda Mbinga anaijua Kitai hata kama hajawahi kushuka. Ipo kwenye lami ya Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78 zilizojengwa kwa fedha za MCC ya Marekani, na hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Lituhi, ziwani Nyasa, kupitia Ruanda. Ruanda hii ni kata ya Mbinga, wala haina uhusiano na nchi ya jirani, ingawa nimewahi kuona ramani ya kompyuta ikiwahamishia wakulima wake Kigali. Kwenye Ruanda hiyo ndiko yaliko makaa ya mawe ya Ngaka, na malori yake yanatokea Kitai yakiwa yamefunikwa maturubai. Kuna gereza maarufu, kuna mahindi, kuna maduka ya kandokando ya barabara. Chama cha ushirika kilichoniita kilipanga chumba hapo kwa sababu moja tu: umeme ulikuwa wa kuaminika kuliko mlimani, kwenye kahawa.

Walitaka daftari la wakulima liingie kwenye mfumo, mkulima apate risiti kwenye simu kila anapopima kahawa, na hesabu ya malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, isichukue wiki nzima ya kugombana. Vijana wenye simu walikuwa wameshapita kaya kwa kaya wakijaza fomu ya KoboToolbox. Mimi nilipewa majibu: faili la JSON na jingine la CSV, namna mbili za kuhifadhi data kama maandishi.

Kwa asiyeandika programu, niseme hivi. Klasi ni maelezo ya kitu ambayo kompyuta itayashikilia. Ukishaandika kwamba Mkulima ana jina, simu, mashamba na kilo alizopima, kompaila, programu inayosoma msimbo wako kabla haujaendeshwa, haikubali tena umdai mkulima kitu asichonacho, wala ujumlishe jina lake na kilo zake. Fomu ikiwa na maswali mengi, kuandika klasi zake kwa mkono ni kazi ya kuchosha, tena ni kazi ambayo mtu akisinzia kidogo anaandika "sehemu" pawe "shamba". Ndiyo maana zipo programu za kuzizalisha. Unaipa data, inaisoma, inakurudishia klasi. Nitaiita kizalishi.

Vizalishi vya kwanza nilivyovitumia havikuwa vinakisia. XML ilipotoka mwaka 1998, na lugha ya kueleza muundo wake mwaka 2001, desturi ilikuwa pande mbili zinazobadilishana data ziandike kwanza mkataba: kipengele hiki ni tarehe, hiki ni namba kamili, hiki kinaweza kukosekana. Kwenye Java tulikuwa na xjc, kwenye .NET tukawa na xsd, na vyote viwili viliusoma mkataba huo vikaandika klasi. Kisha JSON ya Douglas Crockford ikaenea kila mahali kwa sababu ni nyepesi, na wepesi wake ni pamoja na kuja bila mkataba. Haina hata aina ya tarehe. Vizalishi navyo vikabadilika, vikaacha kusoma mkataba, vikaanza kutazama mfano na kukisia. Visual Studio ikaruhusu kunakili JSON na kuibandika ikawa klasi. Ikaja quicktype, inayofanya hivyo kwa lugha nyingi mno. Na F#, kuanzia toleo la 3.0 la mwaka 2012, ilikwenda mbali kuliko vyote: humo kompaila yenyewe inalisoma faili la mfano wakati unaandika, na aina zinajitokeza mbele yako bila hata faili la klasi kuandikwa.

F# niliijua kwa udadisi tu, sina ofisi ninayoijua Dar es Salaam inayoitumia. Lakini watu wake waliandika jambo ambalo ningependa kila mwenye kizalishi alijue. Tomas Petricek, Gustavo Guerra na Don Syme, katika makala yao ya mwaka 2016, walithibitisha kihisabati kwamba programu iliyojengwa juu ya aina zilizokisiwa haitaanguka. Uthibitisho una sharti: data itakayokuja iwe na umbo ambalo tayari limo kwenye sampuli. Wengi wetu tunaishia kwenye uthibitisho. Sharti hatulisomi.

Sampuli yangu ilikuwa ya Kitai.

Kwenye faili la CSV kulikuwa na safu ya magunia ya kahawa ya msimu uliopita. Kizalishi kikaitangaza kuwa ya ndiyo au hapana. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikafungua safu yenyewe: sifuri, sifuri, moja, sifuri, moja, sifuri. Kitai ni kwenye mahindi. Mwenye kahawa hapo ni yule aliye na shamba jingine huko juu, na kahawa yenyewe ikiwa ni gunia moja, hajambo. Kanuni ya kizalishi kile iko wazi kabisa na imeandikwa kwenye maelekezo yake: safu isiyo na kitu zaidi ya 0 na 1 ni ya ndiyo au hapana. Tena hakisomi faili zima. Kwa kawaida kinatazama mistari 1,000 ya mwanzo, na orodha yetu ilikuwa imepangwa kwa vijiji, Kitai ikitangulia.

Karani wa chama alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa mlimani, na kila mtu alimwita Mwalimu. Alipita asubuhi kuona kazi imefikia wapi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mashine imesemaje?"

"Inasema kahawa ni ndiyo au hapana."

Alicheka mpaka akaketi. "Kwa hapa haijakosea. Umeiuliza Kitai, imekujibu Kitai. Ipandishe mlimani uone."

Nilimwomba asiondoke. Nikamsomea klasi nzima, mstari baada ya mstari, kwa Kiswahili cha kawaida: mashine inaamini kwamba kila mkulima ana simu, inaamini kilo ni namba isiyo na nusu, inaamini zao ni moja. Kila nilipomaliza mstari aliitikia au alikataa, na kila alipokataa alikuwa na mtu kichwani mwake, mtu halisi mwenye shida halisi. Huyu ana mashamba mawili, moja la marehemu mumewe ambalo bado liko kwenye daftari kwa jina la marehemu. Yule hana simu, anatumia ya binti yake, na binti naye ni mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Ekari? "Huku juu mtu anahesabu miche, hahesabu ekari. Ukimlazimisha atakutajia ekari yoyote ili uondoke." Nimefanya kazi na wapimaji wa programu waliosomea kazi hiyo, na sijapata aliyeikagua klasi vizuri kuliko mzee huyu ambaye hakutazama skrini hata mara moja.

Tarehe zilikuwa na ujanja wake. Wiki za mwanzo za ukusanyaji ziliangukia siku za kwanza za Julai na za Agosti, basi faili lilijaa vitu kama 07/08 na 03/07. Kizalishi kisichoambiwa lolote kinasoma kwa desturi ya Kimarekani, mwezi kwanza. Kila tarehe ilipita bila kelele, na baadhi ya watu wakawa wamepima kahawa mwezi Machi, wakati mikahawa haina hata punje mbivu. Data inayopita kimya huku imekosewa ni mbaya kuliko inayogoma. Yetu ingegoma siku ya kumi na tatu ya mwezi, maana mwezi wa kumi na tatu haupo, na kufikia hapo risiti za kutosha zingekuwa zimeshatoka. Na saa: makarani wanaandika 2:30 wakimaanisha asubuhi, foleni ya mizani imeanza. Kompyuta inaelewa kwamba chama kinapima kahawa usiku wa manane.

Kobo ina tabia zake pia, na si kosa lake. Swali lisilojibiwa haliji kabisa kwenye JSON. Haliji likiwa tupu, linatoweka. Swali la majibu mengi linakuja kama neno moja refu, "mahindi kahawa maharage", likitenganishwa kwa nafasi, na kizalishi kinaliona ni maandishi tu, kumbe ni orodha. Majina ya vipengele yana mkwaju katikati, shamba/kahawa/miche, na hakuna jina la namna hiyo linalokubalika kwenye C# au Java, hivyo kizalishi kinabuni lake.

Kwenye kubuni majina ndipo nilipotambua kizalishi kilikulia wapi. Kikikuta orodha iitwayo farmers kinajua kuondoa s na kuita klasi Farmer. Kikikuta wakulima kinatafuta s mwishoni, hakioni, kinaliacha jina lilivyo. Mkulima mmoja akawa Wakulima. Shamba moja likawa Mashamba. Ni dogo, linarekebishika kwa dakika, lakini siku nzima niliandika msimbo uliosema Wakulima ana jina.

Kata zilileta mjadala mrefu kidogo. Vikiona safu ya maandishi yenye maneno machache yanayojirudia, baadhi ya vizalishi vinaigeuza orodha iliyofungwa: kata ni Ruanda, au Kigonsera, basi. Likija neno jingine, programu inakataa kulisoma. Kijana mwenzangu katika kazi hiyo aliipenda orodha hiyo. Ilizuia makosa ya tahajia, na alikuwa na haki. Lakini Mbinga si mahali pa kufungia orodha ya maeneo. Hadi 2012 Mbamba Bay, Liuli na Lituhi zote zilikuwa Mbinga. Mwaka huo Wilaya ya Nyasa ikazaliwa na ufukwe wote ukahamia huko. Mkulima yule yule, shamba lile lile, wilaya nyingine. Baadaye mji wa Mbinga ukapata halmashauri yake. Tulikubaliana orodha ya kata ikae kwenye jedwali la hifadhidata ambalo karani anaweza kuliongezea, isikae ndani ya klasi ambayo ni mimi tu ninayeweza kuifungua.

Narudi kwenye namba ya NIDA, kwa sababu iliniuma kuliko mengine. Mtu mmoja ofisini alikuwa amepitisha faili kwenye programu iliyogeuza kila kinachofanana na namba kuwa namba, alama za nukuu zikaondoka. Kizalishi kikaikuta tarakimu 20, kikaona haienei kwenye biti 64, kikaipa desimali inayoelea. Aina hiyo, kwa namba za ukubwa ule, haina uhakika wa kutofautisha namba zilizopishana kwa chini ya elfu nne hivi. Chukua mapacha waliozaliwa siku moja, wakajiandikisha pamoja, namba zao zikatofautiana mkiani tu. Kwenye mfumo wanaweza kuwa mtu mmoja mwenye kilo za watu wawili, na malipo ya pili yataingia kwenye simu moja. Hakuna mahali programu itakapolalamika. Namba ya kitambulisho haijumlishwi, haizidishwi, haitafutiwi wastani. Ni maandishi yaliyovaa tarakimu, kama ilivyo namba ya simu ambayo ukiigeuza namba inapoteza sifuri yake ya mbele.

Namba hizo hizo ndizo zilizobadilisha namna tulivyofanya kazi. Njia ya haraka ya kupata klasi ni kufungua tovuti ya kizalishi, kubandika JSON na kubofya. Wakulima wote wa orodha yetu, majina, simu, NIDA, ukubwa wa mashamba, vyote vinaweza kusafiri kwenda kwenye seva ya mtu usiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria, sidhani mkulima aliyemkaribisha kijana barazani alikubali hilo. Kizalishi kinaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe bila intaneti, na tulifanya hivyo. Lakini tulikwenda mbele zaidi: tukaacha data ya kweli kabisa, tukatunga kaya za mfano.

Mwalimu alizitunga. Alikaa na daftari, akaandika kaya ambazo hazipo ila kila moja ingeweza kuwapo. Mjane mwenye shamba la jina la marehemu. Mtu mwenye jina moja tu. Mwenye kilo 37.5. Mwenye magunia kumi na manne. Kaya ya Lituhi yenye mtumbwi, mihogo na mikahawa sifuri, kwa kuwa mwanachama alihamia ziwani na hakujitoa. Aliyepima mara moja, aliyepima mara nyingi, aliyejiandikisha na hakupima kabisa. Tarehe ya 31 Agosti iliwekwa makusudi. Nikazilisha kaya hizo kwenye kizalishi kama sampuli nyingi kwa pamoja, jambo ambalo vizalishi vizuri vinaliruhusu, na klasi zilizotoka zilihitaji kuguswa mahali pachache mno. Kinachoweza kukosekana kiliandikwa kuwa kinaweza kukosekana. Mashamba yakawa orodha. Mistari michache ya kubuni ilishinda faili kubwa la kweli, kwa sababu faili la kweli lilirudia kaya ile ile ya kawaida mara mia, na mara mia hazifundishi kizalishi kitu kuliko mara moja.

Hapo kijana mwenzangu akauliza swali zuri kuliko yote ya kazi ile: kwa nini tunakisia kutoka kwenye majibu wakati maswali tunayo? Fomu ya Kobo inaandikwa kwenye jedwali, na kila swali lina aina yake pembeni: namba kamili, desimali, maandishi, chagua moja, chagua nyingi, na kama ni lazima kujibiwa au si lazima. Huo ni mkataba, ule ule tuliouacha tulipoiacha XML, umekaa kwenye faili ambalo hakuna aliyenitumia kwa sababu sikuwa nimeliomba wala wao hawakujua lina faida kwangu. Tuliandika programu fupi ya kuzalisha klasi kutoka kwenye fomu. Ilifanya kazi vizuri. Ikatuonyesha pia kwamba aliyebuni fomu, mbali huko, alikuwa ameandika kilo ni namba kamili. Vijana waliokuta kilo 37.5 walikuwa wakiandika 37 au 38, kila mmoja kwa moyo wake. Hakuna kizalishi duniani ambacho kingeigundua nusu ile, kwani haikuwahi kufika kwenye data.

Wazo lenyewe la klasi lilitokana na kwenda kutazama; lilizaliwa Oslo. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliliweka kwenye lugha yao ya Simula 67, lugha ya kuigiza mambo ya dunia ndani ya kompyuta: foleni, bandari, kiwanda. Ukitaka kuandika klasi ya meli ilibidi kwanza uende bandarini uone meli inafanya nini. Nygaard miaka michache baadaye alikaa na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norway, akitaka watu wa kiwandani wawe na sauti katika mifumo inayowahusu. Kutoka kwenye desturi hiyo hiyo ya Oslo ilikuja HISP, programu ya mifumo ya taarifa za afya iliyoanza Afrika Kusini mwaka 1994, na kutoka HISP ikaja DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao leo inapokea takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya vya nchi yetu, vya Mbinga na vya ufukweni Nyasa vikiwamo. Niliwahi kuizalishia klasi DHIS2 pia. Kila thamani inakuja ndani ya alama za nukuu, hata idadi ya watoto waliochanjwa, na kizalishi kikakisia kwamba vyote ni maandishi. Aina ya kweli imehifadhiwa kwingine, kwenye maelezo ya kila kipengele, na ukienda kuyasoma huko unaipata. Ilinibidi kwenda.

Mfumo wa chama ulianza msimu uliofuata. Klasi zilizozalishwa zinakaa mlangoni tu, zinapokea kinachotoka kwenye simu. Ndani kuna klasi nilizoandika kwa mkono, Mkulima, Shamba, Pimo, na kati yake kuna msimbo wa kutafsiri na kukataa. Fomu ikibadilika, za mlangoni zinazalishwa upya na kompaila inanionyesha palipovunjika. Mkulima wa ndani habadiliki kwa sababu mtu ameongeza swali.

Kabla sijaondoka Mwalimu aliomba kitu kimoja kwenye fomu: nafasi ya "maelezo mengine", isiyo na masharti, karani aandike atakacho. Nilimwonya kwamba hakuna mashine itakayoweza kuipanga. Akasema ameelewa, niiweke tu. Niliiweka. Mara ya mwisho nilipofungua hifadhidata, ndicho kipengele kilichokuwa kimejazwa kwa wingi kuliko vyote visivyo vya lazima: shamba lina kesi baraza la kata, simu ni ya jirani usitume hela, kahawa hii ni ya mama yake, mizani ilikuwa na shida pima tena kesho. Mhasibu anaisoma yote kabla ya kulipa.